Tukutuku ya Zamani au Mpya?



Watu wengi wameniuliza, wengine kwa kucheka na wengine kwa uchungu, kwa nini niliiacha tukutuku ya misioni yetu, ile ya zamani, nikapanda nyingine mpya kutoka Uhindi kama vijana wa sokoni. (Ndugu zetu wa Tanzania husema pikipiki, sisi huku Maniema twasema tukutuku, nayo masikio yenyewe yatakuambia sababu.) Kila mara nimejibu nusu nusu, njiani, huku mguu mmoja uko chini. Leo nataka kujibu kwa utaratibu, nisiulizwe tena.

Mimi ni mwalimu wa dini. Nilisoma seminari mpaka mwaka wa pili wa filosofia, nikatoka kwa ruhusa na baraka, nikaoa, na sasa nina miaka 36. Kazi niliyopewa ni kutembelea vikanisa vya njia itokayo Kasongo kwenda Kabambare, kuwasaidia walimu wa vijijini, kuwasikiliza wakatekumeni, kupeleka vitabu na barua, na kurudisha habari kwa Padri. Njia hiyo ni zaidi ya kilomita 100 kwenda tu. Kwa miaka saba niliifanya kwa baiskeli. Yeyote aliyepita huko wakati wa masika anajua kwamba kuna siku ambazo si baiskeli inayokubeba, bali wewe unaibeba baiskeli, begani, na matope yanakufika magotini. Wanafunzi wangu hupenda kusikia habari za Livingstone, ambaye mwaka 1870 alikwama miezi mingi Bambare, ndiyo Kabambare yetu, kwa vidonda vya miguu. Mimi husema: njia bado ni ile ile, ila vidonda vimehama, sasa viko kwenye mabega.

Basi, katika stoo ya misioni ilikuwako tukutuku moja, Yamaha AG100, iliyoachwa na Padri mmoja wa zamani. Ilikuwa imefunikwa gunia, na kuku walikuwa wakitagia chini yake. Mwaka 2020 Padri aliniambia: “Mwalimu, ukiweza kuiamsha, ni yako kwa kazi.” Fundi akaiamsha kwa siku mbili.

Niwaeleze ile mashine, maana inastahili heshima. Iliundwa kwa ajili ya wakulima na wachungaji wa kondoo, watu wa nchi kama Australia na New Zealand, si kwa ajili ya lami. Ina chanja mbele na chanja nyuma, ukaweza kufunga kasha la vitabu huku na gunia la mchele kule. Mnyororo wake wote umefungiwa ndani ya kasha la bati, matope hayauoni. Ina miguu ya kusimamia pande zote mbili, kuume na kushoto, hata ukiegesha kwenye mteremko haianguki. Ni nyepesi: watu wawili wanaivusha juu ya gogo, na watu watatu wanaipakia mtumbwini. Mzee mmoja wa kamati aliniuliza habari za alama ya tangi, zile uma tatu za chuma. Nikamwambia kwamba ni uma za kupimia sauti, kwa sababu jina la Yamaha lilianza kwa kinanda. Bwana Yamaha wa Japani alianza mwaka 1887 kwa kutengeneza kinanda kilichoharibika, na tukutuku ya kwanza yenye jina hilo ilitoka mwaka 1955 tu. Mzee akafurahi sana. Akasema: “Kumbe ndiyo sababu inaimba.”

Na kweli iliimba. Injini ya namna ile hupiga moto kila mzunguko mmoja, nayo huunguza oili pamoja na esansi. Ndipo hutoka ule moshi wa buluu na ile sauti kali ya kukereza. Katika bonde lililo kimya sauti hiyo husikika mbali. Watoto wa vijijini waliijua kuliko sauti yangu mwenyewe. Nilipokuwa bado ng'ambo ya kijito, ngoma ya kanisa ilikuwa imekwisha kupigwa, na mama za jikoni walikuwa wamekwisha kuongeza maji chunguni. Sikuhitaji kutuma barua mbele.

Miaka miwili nilikwenda nayo, na niliipenda. Nasema hivi ili asiwepo wa kudhani kwamba niliidharau.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Novemba 2022. Katika kijiji kimoja karibu na Kabambare alikuwako mzee mkatekumeni, mwanafunzi wangu wa miaka mitatu. Alikuwa amegombana na mwanawe wa kwanza kwa habari ya shamba, hata hawakusalimiana. Alipougua sana alituma mjumbe wa baiskeli kusema mambo mawili: anataka ubatizo, na anataka mimi niwepo pale atakapomwita mwanawe, kwa kuwa yule kijana naye nilimfundisha, naye husikia neno langu. Mjumbe alifika jioni. Usiku ule ule nikajaza esansi, nikafunga mzigo, nikalala nimevaa nguo, nikaondoka kabla ya jogoo.

Tukutuku ile ina matangi mawili, moja la esansi na moja dogo la oili. Esansi ikikwisha, injini huzima kwa amani, unatia nyingine, unakwenda. Oili ikikwisha, injini haikuambii neno. Inaendelea kukimbia, tena yaonekana kama inakimbia vizuri zaidi, mpaka pistoni inapokamata. Mimi nilijaza la kwanza, la pili sikulifungua. Kosa ni langu, wala si la mashine wala la mtu mwingine. Nilipokuwa nimepita kilomita thelathini na kitu, gurudumu la nyuma likajifunga ghafla, nikateleza mpaka majanini. Nilipojaribu kupiga kiki, mguu uligoma kama nimekanyaga jiwe.

Nikaiacha tukutuku kwa mwalimu wa kijiji, nikaazima baiskeli. Nilifika kesho yake saa nne ya asubuhi. Mzee alikuwa amekufa alfajiri. Mwalimu wa kijiji alimbatiza vizuri, kama tulivyomfundisha. Jambo hilo nashukuru. Lakini mwanawe alikuwa amekaa nje ya ua, chini ya mwembe, hajaingia. Alikuwa akinisubiri mimi, apate kuingia nami. Aliniona, hakusema kitu. Tukaenda kuchimba kaburi pamoja.

Sitaeleza zaidi juu ya hilo.

Fundi alipofungua injini alikuta pistoni imekwaruzwa na ringi zimevunjika. Akatafuta Kasongo nzima, hakuna. Akaandika Kindu, hakuna. Mwishoni tukapata mtu wa Bukavu aliyekuwa nazo, bei ya kutisha, na mzigo ulifika baada ya majuma kumi. Majuma hayo kumi nilirudi kwenye baiskeli, na hapo ndipo nilipoanza kufanya hesabu ambayo ningalipaswa kuifanya mapema. Nilikuwa na kijitabu cha mfukoni. Katika kila kijiji nilichopita nilisimama kwenye meza za wachuuzi, zile zenye sabuni, chumvi, betri na sigara, nikauliza: mna nini cha tukutuku? Katika vijiji saba niliandika mipira ya ndani na plagi. Katika vitatu niliandika minyororo, waya za klachi, na viatu vya breki. Vyote vilikuwa vya tukutuku mpya za Uhindi na Uchina, zile TVS na Boxer na dada zao, ambazo wachuuzi wa dhahabu na wa samaki wamezijaza njia yote. Kwa ile yetu niliandika sifuri kila mahali. Hata oili yake maalumu haikupatikana, ila mjini.

Kumbe nilikuwa nimeisifu tukutuku kwa uimara wake, nisifikiri kwamba uimara si chuma tu. Mashine inaishi na watu. Ile ya zamani ndugu zake walikuwa wamekwisha kufa, ikabaki peke yake kama mzee aliyezika rika lake lote. Akiugua hakuna wa kumjua ugonjwa.

Wakati huo wakristo walikuwa wamekwisha kuchanga. Mavuno mawili walitoa mpunga, karanga na mawese, Padri akauza, ikapatikana jumla ya dola 1,400. Kamati ikaitwa. Swali lilikuwa jepesi kulisema: tuitengeneze ya zamani kabisa kabisa, au tununue mpya? Ya zamani ingekula dola 450, na zilizobaki zingenunua esansi ya siku nyingi. Mpya ingekula dola 1,350, na mfuko ungebaki na vumbi. Mwenyekiti akanigeukia: “Mwalimu, wewe ndiwe utakayeipanda. Sema.”

Nikaomba juma moja. Sababu moja sikuwaambia, na leo naikiri hapa. Niliitamani ile mpya. Niliitamani kwa ajili ya kile kitufe cha kuwashia kwa kidole, kwa taa yake, kwa kung'aa kwake. Nilijiona nikiingia Kabambare nayo siku ya Jumapili. Mwalimu wetu wa seminari alizoea kutuambia kwamba mtu akitaka jambo sana, na azichunguze hoja zake mara mbili, maana tamaa ni wakili hodari. Kwa hiyo nilijilazimisha kwanza kuwasikiliza wote waliokuwa kinyume.

Wazee walisema: chuma cha zamani ni chuma. Mmoja wao aliona utotoni Mapadri Weupe wakipita kwa tukutuku kubwa za Kibeljiji, zile za Herstal, FN na Saroléa, nzito kama ndama, na akasema ya kwamba tangu hapo kila mashine inayokuja ni nyembamba kuliko iliyotangulia. Hilo lina ukweli wake. Hizi mpya ziliundwa kwa barabara na kwa abiria. Tumbo lake liko chini, hugonga mawe, na chanja yake ya nyuma hukatika ukiizidishia mzigo.

Mke wangu alisema jambo zito zaidi. “Baba watoto, ile ya zamani hakuna mwizi anayeitamani.” Nanyi mnajua habari za upande wa Salamabila, ambako dhahabu ilileta pesa, na pesa ikaleta bunduki. Tukutuku inayong'aa huita macho kwenye kila kizuizi. Miaka miwili ile nilipita vizuizi na AG100 yangu, watu wenye silaha wakacheka, wakaniambia pita, Mwalimu, na pembejeo lako. Nilijua kijana mmoja aliyevuliwa mpya yake mchana kweupe, akarudi kwao kwa miguu, akishukuru kwamba alirudi.

Fundi naye nilimwuliza. Huyu hakusifu wala hakulaumu. Aliniambia: “Mwalimu, ya zamani nikipewa pistoni naifungua na kuifunga chini ya mti, haina valvu wala mambo mengi. Mpya ina mambo mengi, lakini kila kijana wa njia hii amekwisha kuyajua, kwa sababu ameyaharibu mara nyingi. Wewe unataka fundi aliye bora, au fundi aliye karibu?” Kisha akanieleza habari ya oili. Injini mpya hupiga moto mara moja katika mizunguko miwili, na oili yake haiunguzwi, hukaa chini ikizunguka. Ukiisahau siku mbili tatu haikuui papo hapo. Lakini ni lazima uimwage ikigeuka nyeusi, utie nyingine. Na watu wengi wavivu huongeza juu ya ile chafu, hata injini inakufa polepole. “Ya zamani huua msahaulifu,” akasema, “mpya huua mvivu. Wewe mwenyewe unajijua.”

Akaniazima mpya ya ndugu yake kwa safari moja. Nikaenda Kabambare na kurudi. Katika safari kama hiyo AG100 ilizoea kunywa lita 10. Hii ilikunywa 6 na kidogo. Pale ambapo esansi huuzwa kwa chupa na wale vijana tunaowaita Kadafi, tena kwa bei ya kupanda kadiri unavyokwenda mbali, lita nne ni kitu. Kwenye daraja moja la magogo ilinishinda, nikangoja wapita njia wanisaidie kuisukuma. Ile ya zamani ningaliivusha na mtu mmoja. Pia nilipata msumari katika gurudumu. Nikasukuma kwa dakika kumi, nikafika penye meza ya sabuni, nikanunua mpira wa ndani, mtoto wa miaka kumi na minne akaufunga. Nilikaa pale nikimtazama yule mtoto, na moyoni nikamwona yule kijana chini ya mwembe.

Katika kusoma kwangu nilipata kukutana na habari ya Padri Otto Fuhrmann, Mjerumani, aliyekufa mwaka 1925 huko Namibia ya leo. Aliugua mbali na hospitali, na gari lililokuwako ni la kukokotwa na ng'ombe, siku nyingi za njia. Rafiki yake Padri Paul Schulte, aliyekuwa amepata kurusha ndege, aliona uchungu, na mwaka 1927 akaanzisha huko Ujerumani chama cha MIVA, ili misioni zipate vyombo vya kusafiria. Habari hii hupenda kusomwa kama sifa ya motokaa na ndege. Mimi nilisoma ndani yake neno moja tu: siku. Mgonjwa hahesabu uzuri wa chombo, anahesabu siku.

Juma lilipokwisha nikasimama mbele ya kamati, nikasoma kijitabu changu, kijiji kwa kijiji, nikachagua mpya. Lakini niliweka masharti juu yangu mwenyewe. Kwanza, sitapanda na kitu hicho kwenda upande wa Salamabila kupita Kabambare, wala sitasafiri nacho usiku. Pili, hakitabeba abiria wa kulipa hata mmoja, kwa maana wapo waliokwisha kupiga hesabu ya jinsi kitakavyorudisha fedha. Tatu, kwa kuwa mfuko umekwisha, kila kikanisa kitoe chupa moja ya esansi ninapofika, na kisichoweza kitoe mihogo. Wazee wawili walikataa mpaka mwisho. Walikuwa na haki yao, na nyumba zao bado nakula.

Sharti la nne lilikuwa la mke wangu. Tukutuku ilipofika kutoka Uvira, nyekundu, bado ina nailoni kwenye kiti, alinipa mkebe wa rangi ya kijivu uliobaki kutoka kwenye milango ya shule. Nikaipaka tangi na bati zote kwa brashi, matone yakaganda vibaya. Fundi alipoiona karibu alie. Lakini kwenye kizuizi cha kwanza mtu mmoja aliitazama, akaniuliza: “Hii ni ya mwaka gani?” Nikamjibu ya kwamba ni ya misioni. Akacheka, akaniacha.

Miaka imepita, nayo imeharibika mara nyingi, pengine mara nyingi kuliko ile ya zamani. Chanja ya nyuma imechomelewa mara tatu. Hata hivyo haijanilaza njiani zaidi ya usiku mmoja. Ile AG100, pistoni yake ilipofika, fundi aliifunga, na sasa iko kwake mjini; vijana wanajifunzia kufungua na kufunga injini, na Jumamosi huenda nayo sokoni kuleta mchele wa misioni.

Jambo moja sikuliweka katika hesabu. Yule mzee aliyefurahia zile uma tatu aliomba nimpeleke Kabambare kwa binti yake. Akapanda nyuma, akakaa kimya mpaka tulipovuka kijito na kuingia kijijini. Hakuna ngoma iliyopigwa. Watoto walikuwa mashambani, mlango wa kanisa umefungwa, na mama mmoja akatoka jikoni akisema kwa aibu: “Tulidhani ni mchuuzi.” Mzee akashuka, akanyosha mgongo, akaniambia: “Mwanangu, kitu chako ni kizuri, lakini hakina jina. Sasa watu watajuaje kwamba Mwalimu anakuja?”

Nilijaribu honi, ikawa kazi bure, kwa maana wachuuzi wote wana honi. Mwishoni nilifungua kengele ya ile baiskeli yangu ya miaka saba, nikaifunga kwenye usukani. Nikifika kilimani juu ya kijiji, nazima injini, naiacha iteremke kwa uzito wake, na njia yote ya kilima naipiga kengele. Katika vikanisa vinne watoto wamekwisha kuijua. Katika vile vingine bado.